Kuona Kabla ya Kuhifadhi: Git kwa Kitufe na kwa Amri

Watu wawili wanaweza kuandika programu moja katika hazina ileile ya Git, mmoja akiandika amri kwenye terminali na mwenzake akibofya vitufe kwenye dirisha lenye rangi na michoro. Historia ya kazi yao itakuwa moja, na atakayeisoma baadaye hawezi kusema hatua ipi ilitokana na amri na ipi ilitokana na kitufe. Hata hivyo, swali la njia ipi ni bora limewagawa waandishi wa programu kwa miaka mingi. Wapo wanaoshikilia kwamba asiyetumia terminali hajui Git. Wapo wanaowajibu kwamba kukariri amri na vigezo vyake ni mzigo usiomsaidia mtu kuandika programu nzuri.

Pande zote mbili zinapima jambo lisilostahili kupimwa. Zinapima ustadi wa mtu kwa aina ya dirisha analolifungua, ilhali kazi huwa salama pale mtu anapokiona na kukielewa kile anachokihifadhi kabla hajakihifadhi. Kwa kipimo hicho, kiolesura cha picha kina thamani kubwa kuliko wanavyokubali wapinzani wake, na kina hatari kubwa kuliko wanavyokiri watetezi wake. Makala haya yanapitia thamani hiyo na hatari hiyo, ili anayechagua zana achague kwa sababu anazoweza kuzitetea.

Kinachodhibitiwa ni nini

Mfumo wa kudhibiti matoleo unatunza historia ya mabadiliko ya mafaili. Kila hatua inayohifadhiwa, ambayo waandishi wa programu huiita komiti, inabeba hali ya mradi mzima kwa wakati huo, jina la aliyeihifadhi, tarehe, ujumbe wa kueleza kilichobadilishwa, na kielekezi cha hatua iliyotangulia. Katika Git, mfumo mmoja wa aina hiyo, kila komiti inatambulishwa kwa alama ndefu, kwa kawaida ya herufi na tarakimu 40, iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake. Kikibadilika kitu kimoja, hata nukta, alama nayo inabadilika.

Historia hiyo haiendi kwa mstari mmoja. Mtu anaweza kufungua tawi, akajaribu jambo jipya bila kugusa kazi ya wengine, kisha akaliunganisha na tawi kuu. Watu wawili wakibadilisha mistari ileile kwa namna tofauti, Git haiamui nani ana haki. Inasimama na kutangaza mgongano, na binadamu ndiye anayepaswa kuamua. Kati ya mafaili unayoyahariri na komiti, Git imeweka pia eneo la maandalizi, ambamo unachagua ni mabadiliko gani yaingie katika hatua inayofuata na yapi yasubiri.

Kwa hiyo mtumiaji wa Git ana mambo manne ya kuyaweka akilini kwa wakati mmoja: mafaili yalivyo sasa, kilichoandaliwa, matawi ya kwenye kompyuta yake, na matawi yaliyoko kwenye seva. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana lenyewe ukifungua terminali. Skrini inabaki tupu mpaka uulize, na ili uulize ni lazima ujue swali. Hapo ndipo mvutano kati ya picha na amri unapoanzia.

Picha haikuja kwa ajili ya wanaoanza tu

Udhibiti wa matoleo ulizaliwa katika maandishi matupu. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs alitengeneza SCCS, na mwaka 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akatoa RCS, iliyotunza toleo la mwisho likiwa kamili na matoleo ya nyuma yakiwa tofauti tu. Zote mbili zilifuatilia faili moja moja, na kwa kawaida aliyetaka kuhariri faili alilifunga ili wengine wasiliguse. CVS, iliyoanzishwa na Dick Grune mwaka 1986, ilifungua mlango wa watu kadhaa kuhariri faili moja kwa wakati mmoja. Subversion ilifikia toleo la 1.0 mwaka 2004 ikiwa na nia ya kuondoa kasoro za CVS.

Kwenye Windows, picha iliingia mapema. Visual SourceSafe, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 1994, ilifanya kazi kupitia madirisha. Watumiaji wa Subversion nao walipata TortoiseSVN, iliyojiunga na dirisha la kawaida la mafaili la Windows. Faili ambalo halijabadilika lilibeba alama ya kijani, lililobadilika likabeba alama nyekundu, na kazi zote zikafanyika kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya. Kizazi kizima cha waandishi wa programu kilijua udhibiti wa matoleo kwa njia hiyo.

Kisha ikaja Git. Mwezi Aprili mwaka 2005, wasanifu wa kiini cha Linux walipopoteza ruhusa ya kutumia bila malipo mfumo wa kudhibiti matoleo wa BitKeeper, muasisi wa kiini hicho, Linus Torvalds, alianza kuandika mfumo wake mwenyewe. Ulikuwa mkusanyiko wa amri ndogo ndogo, zilizokusudiwa kuwa msingi ambao wengine wangejenga juu yake. Lakini kabla mfumo huo haujatimiza miezi mitatu, Torvalds mwenyewe aliiunganisha ndani yake hazina nzima ya gitk, programu ya kuchora historia ya matawi iliyoandikwa na Paul Mackerras. Mackerras hakuwa mgeni anayeiogopa terminali. Alikuwa mtunzaji wa Linux kwa vichakataji vya PowerPC. Mwaka 2007 ikafuata git gui ya Shawn Pearce, inayomwezesha mtu kuchagua mabadiliko kwa kubofya na kuandika ujumbe wa komiti. Zote mbili bado zinasambazwa pamoja na Git hadi leo.

Jambo hili linastahili kutiliwa mkazo kwa sababu linavunja dhana iliyoenea. Watu wa kwanza kuhitaji picha ya historia ya Git walikuwa wataalamu wa ngazi ya juu kabisa, kwa sababu wao ndio waliokuwa na matawi mengi na miunganisho mingi kiasi cha kutoweza kuyashika kichwani.

Pale macho yanapofanya kazi bora

Thamani ya kwanza ya kiolesura cha picha iko katika kuchagua. Umekaa asubuhi nzima ukirekebisha kosa moja, na njiani umebadilisha jina la kigezo, umefuta mstari usiotumika, na umeacha mstari wa majaribio unaochapisha nywila kwenye skrini. Mambo hayo hayapaswi kuingia katika komiti moja, na lile la mwisho halipaswi kuingia popote. Terminali ina njia ya kuyatenganisha, `git add -p`, inayokupitisha kipande kwa kipande na kukuuliza kila kimoja. Njia hiyo inafanya kazi, lakini unaona kipande kimoja tu kwa wakati, na ukihitaji mstari mmoja katikati ya kipande unalazimika kukihariri kwa mkono. Dirisha la git gui, Fork au Sourcetree linakuwekea mabadiliko yote mbele yako, yaliyoongezwa kwa kijani na yaliyofutwa kwa nyekundu, nawe unachagua mstari mmoja mmoja. Muhimu zaidi, linakuwekea hata pale ambapo hukukusudia kuyatazama. Mstari ule wenye nywila unaonekana kwa sababu uko kwenye njia ya macho kuelekea kitufe.

Anayeandika `git add -A` kisha `git commit -m` anaweza kuhifadhi kila kilichobadilika bila kuona hata neno moja. Makosa mengi ya kila siku katika udhibiti wa matoleo yanatoka hapo: faili la siri lililoingia, msimbo wa majaribio uliosahaulika, faili kubwa la data lisilohitajika. Hayatokani na uchache wa amri mtu anazozijua. Yanatokana na kutotazama.

Thamani ya pili ni ramani ya matawi. Uhusiano wa komiti ni mchoro kwa asili yake: nukta zinazounganishwa na mistari inayogawanyika na kukutana tena. Terminali inaweza kuuchora kwa `git log --graph`, na mchoro huo unatosha kwa matawi machache. Yakifika kumi, dirisha linaloweza kusogezwa, lenye rangi tofauti kwa kila tawi, ambalo ukibofya nukta linakufungulia mabadiliko yake, linasomeka kwa urahisi zaidi.

Ya tatu ni mgongano. Git inapokutana nao huandika matoleo yote mawili ndani ya faili, ikiyatenganisha kwa mistari ya alama. Kwa mgongano wa mistari miwili hilo halina shida. Kwa mgongano wa mistari mia, mtu anapoteza uzi, na hatari kubwa ni kufuta kazi ya mwenzake akidhani anafuta alama. Dirisha la pande tatu, kama lile la IntelliJ IDEA, linaweka toleo lako upande mmoja, la mwenzako upande mwingine, na matokeo katikati. Visual Studio Code nayo iliongeza kihariri cha aina hiyo mwaka 2022. Wako wengi wanaofanya kila kitu kwenye terminali lakini hufungua dirisha hili siku ya mgongano.

Ya nne inahusu mafaili yasiyo maandishi. Terminali itakuambia tu kwamba picha ya nembo imebadilika. GitHub Desktop itakuonyesha picha ya zamani na mpya zikiwa kando kwa kando, au moja juu ya nyingine ili tofauti ijitokeze. Kwa mbunifu wa kurasa au msanii wa michezo ya kompyuta, huo ndio udhibiti wa matoleo wenye maana. Ndiyo sababu katika sekta ya michezo mfumo wa kudhibiti matoleo wa Perforce, pamoja na dirisha lake la P4V, bado una nafasi imara, hata baada ya Git kupata nyongeza ya kutunza mafaili makubwa mwaka 2015.

Ipo pia faida ya kutenganisha matendo. Kwa miaka mingi amri ya `git checkout` ilifanya kazi mbili zisizofanana: kuhamia tawi jingine, jambo lisilo na madhara, na kufuta mabadiliko ya faili, jambo linaloweza kupoteza kazi ya siku nzima. Mwaka 2019 tu, katika toleo la 2.23, Git ilileta amri mbili tofauti, `git switch` na `git restore`. Madirisha yalikuwa yameshazitenganisha kazi hizo muda mrefu: tawi ulilichagua kwenye orodha ya matawi, na mabadiliko uliyafuta kwa menyu nyingine yenye onyo lake.

Pale kitufe kinapoficha

Sifa hiyohiyo ya kurahisisha ndiyo inayozaa hatari. Kitufe ni ahadi kwamba jambo ni moja, hata kama chini yake kuna mambo matatu.

Chukua kitufe cha kusawazisha katika Visual Studio Code. Kwa mbofyo mmoja kinavuta mabadiliko kutoka seva na kusukuma ya kwako. Lakini kuvuta kwenyewe ni kazi mbili: kuchukua komiti mpya, kisha kuziunganisha na za kwako. Kila moja inaweza kushindwa kwa sababu zake, na kila moja ina dawa yake. Anayejua hatua hizo atatambua alipokwama. Asiyejua atabaki na ujumbe wa kosa unaotaja neno ambalo yeye hakuwahi kulitumia, kwa sababu yeye alibofya tu.

Hatari iliyo kubwa zaidi iko katika kufuta. Mwaka 2017 mtumiaji mmoja wa Visual Studio Code alifungua folda yenye maelfu ya mafaili ya kazi yake ya miezi, akawasha udhibiti wa matoleo, kisha akachagua kutupa mabadiliko yote. Mafaili hayo hayakuwa yamewahi kuhifadhiwa katika Git hata mara moja. Kwa Git, kila faili lilikuwa badiliko jipya, na kutupa badiliko jipya ni kulifuta kwenye diski. Yeye alidhani anaghairi alichokifanya dakika iliyopita, kumbe alikuwa anaghairi kazi yake yote. Kisa hicho kilijadiliwa sana, na wapo waliomcheka. Kumcheka ni kukosa fundisho. Kitufe kilitumia neno la kawaida kwa tendo lisilorudishika, na mtu akalisoma kama mtu yeyote angelisoma.

Kuna pia mambo yanayofichwa na mazingira. Baadhi ya zana, GitHub Desktop ikiwemo, huja na Git yake ndani, hivyo kompyuta moja inaweza kuwa na Git mbili za matoleo tofauti. Timu nyingi huweka hati ndogo zinazokagua msimbo kabla ya kila komiti. Zana iliyofunguliwa kwa kubofya nembo yake mara nyingi haisomi mipangilio ile inayosomwa na terminali, kwa hiyo hati inashindwa kwenye dirisha na kufaulu kwenye terminali, bila sababu inayoonekana. Mtu anaweza kupoteza saa nyingi akitafuta kosa kwenye msimbo ambao hauna kosa.

Hatari ya mwisho ya upande huu ni kutojua kwamba kuna njia ya kurudi. Git hutunza daftari la kila mahali ambapo tawi limewahi kuelekea, linalosomwa kwa `git reflog`. Kwa mipangilio ya kawaida kumbukumbu hizo hukaa siku 90, na siku 30 kwa komiti zilizokwisha kuachwa. Karibu kila kitu kilichowahi kuingia katika komiti kinaweza kurudishwa ndani ya muda huo. Madirisha mengi hayaonyeshi daftari hili waziwazi. Baadhi, kama GitKraken, yameweka kitufe cha kutengua hatua ya mwisho, na hilo ni jema. Lakini siku mambo yanapoharibika kwa hatua tano mfululizo, mwokozi ni daftari, na daftari linasomwa kwa amri.

Kazi ambazo amri haina mpinzani

Seva ya kukodi kwa kawaida haina skrini. Unaingia kwa SSH na kukuta maandishi tu. Mifumo inayojaribu msimbo yenyewe kila komiti inaposukumwa huendeshwa kwa hati za amri. Kazi yoyote inayorudiwa, kama kuandaa toleo jipya kila wiki, inafaa kuandikwa mara moja kama hati na kuendeshwa na mtu yeyote bila kutegemea kumbukumbu ya mtu mmoja kuhusu vitufe vya kubofya na mpangilio wake.

Amri pia husafiri. Mwenzako aliyekwama Mwanza unaweza kumtumia mstari mmoja kwa WhatsApp, akaunakili na kuuendesha kama ulivyo. Kumweleza kitufe kiko wapi kunahitaji ujue anatumia zana gani, toleo gani, na mfumo gani wa kompyuta. Maelezo ya Git yaliyoandikwa miaka kumi iliyopita bado yanafanya kazi karibu yote, ilhali picha za skrini za miaka mitatu iliyopita mara nyingi hazifanani tena na dirisha lililo mbele yako.

Zipo kazi za uchunguzi pia ambazo amri imezifanya kuwa nyepesi. `git bisect` inatafuta komiti iliyoleta kosa kwa kugawanya historia katikati tena na tena. Kati ya komiti 1,024 majaribio 10 yanatosha, na ukiipa hati ya kupima, inafanya kazi yote peke yake. Kwa kazi kama hii mtu anahitaji jibu, na mchoro haumwongezei kitu.

Familia za zana na gharama zake

Zana za picha haziko sawa, na kuzijadili kama kitu kimoja kumechangia mabishano yasiyoisha.

Zipo zinazojiunga na dirisha la mafaili, kama TortoiseGit. Zinampendeza aliyezoea Windows, ingawa mfumo huo unaruhusu alama chache tu juu ya nembo za mafaili, na programu nyingine hugombania nafasi hizohizo. Zipo zinazosimama peke yake: GitHub Desktop iliyo rahisi kwa makusudi, Sourcetree iliyo chini ya Atlassian tangu mwaka 2011, na Fork, Tower, GitKraken na Sublime Merge zenye uwezo mpana zaidi. Zipo zilizomo ndani ya kihariri cha msimbo, na hizi ndizo zinazomfikia mtu bila yeye kuzitafuta. Visual Studio Code imekuwa na Git ndani yake tangu mwaka 2015. Zipo pia zinazochora ndani ya terminali yenyewe, kama lazygit na tig, na Magit kwa watumiaji wa kihariri cha Emacs. Magit ina sifa ya pekee ya kumwonyesha mtumiaji amri za Git zilizoendeshwa kwa niaba yake, na kwa sababu hiyo imewafundisha Git watu wengi waliodhani wanaikwepa.

Familia ya tano ni kivinjari. Tangu GitHub ilipofunguliwa mwaka 2008, ombi la kuunganisha tawi limekuwa mahali ambapo msimbo unasomwa, unajadiliwa na kukubaliwa. Ukiondoa miradi inayoendelea kutumia barua pepe, kama kiini cha Linux, karibu kila timu hukagua mabadiliko kwenye ukurasa wenye kijani na nyekundu. Hata anayejivunia terminali yake anasoma kazi za wenzake kwa kiolesura cha picha. Kilichobaki ni kama atasoma na kazi yake mwenyewe kwa uangalifu huohuo kabla wengine hawajaiona.

Gharama nazo zina uzito, hasa kwa mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida. GitHub Desktop, GitKraken na Visual Studio Code zimejengwa juu ya Electron, maana yake kila moja hubeba kivinjari kizima ndani yake na kula mamia ya megabaiti za kumbukumbu. Kwenye kompyuta ya gigabaiti nne, kufungua mbili kati ya hizo pamoja na kivinjari cha kawaida ni kuisubiri kompyuta kila unapobofya. Gitk na git gui ni nyepesi mno zikilinganishwa nazo, japo sura zake ni za zamani. Nyingi ya zana mpya pia huuliza seva zenyewe kila baada ya muda mfupi kama kuna jipya. Anayelipia bando kwa megabaiti anapaswa kujua mpangilio huo upo na unaweza kuzimwa. Git yenyewe haimlazimishi mtu kuwa hewani: komiti, matawi, miunganisho na usomaji wa historia yote vinafanyika bila intaneti.

Leseni nazo hutofautiana. GitHub Desktop na Sourcetree ni bure lakini hazina toleo rasmi la Linux. Tower ni ya kulipia, na GitKraken hutoza wanaofanya kazi kwenye hazina za faragha. Kwa upande wa watu wasioona, mchoro wa matawi ambao haukuandaliwa kwa programu za kusoma skrini ni ukuta mtupu, ilhali maandishi ya terminali yanasomeka. Timu inayolazimisha zana moja ya picha kwa wote inaweza kumfungia nje mwenzao bila kukusudia.

Kwa upande mwingine, ipo gharama ambayo dirisha linaipunguza. Tangu tarehe 13 Agosti 2021 GitHub haipokei tena nywila za kawaida kwa kazi za Git. Mtu anahitaji tokeni au funguo za SSH. Wengi walioanza kujifunza baada ya siku hiyo walikwama hapo kabla hawajahifadhi hata komiti moja kwenye seva. Zana ya picha inafungua kivinjari, unaingia kwenye akaunti yako, na mambo yanaendelea.

Rangi haziponyi dhana

Swali la kina zaidi ni kama ugumu wa Git uko kwenye amri au kwenye dhana zilizo chini yake. Santiago Perez De Rosso na Daniel Jackson wa MIT walilichambua katika makala ya mwaka 2013 na nyingine ya mwaka 2016. Walionyesha kwamba mengi yanayowachanganya watumiaji, kama eneo la maandalizi, akiba ya muda ya mabadiliko, na hali ya kuwa nje ya tawi lolote, ni matatizo ya usanifu wa dhana. Walitengeneza Gitless, iliyoondoa eneo la maandalizi kabisa, ili kuthibitisha kwamba mtu anaweza kupewa nguvu zilezile kwa dhana chache. Jujutsu, iliyoanzishwa na Martin von Zweigbergk, imeendelea kwenye njia hiyo: kazi unayoihariri ni komiti tayari, na kila tendo linaweza kutenguliwa.

Fundisho lake kwa mjadala wetu ni zito. Kama tatizo liko kwenye dhana, kupaka rangi juu yake hakuliondoi. Dirisha linaweza kukuonyesha kwamba uko nje ya tawi, lakini haliwezi kukufanya uelewe kwa nini kazi yako itapotea machoni ukihama. Na kwa kipimo hichohicho, anayekariri amri bila kuelewa dhana hana cha kujivunia mbele ya anayebofya bila kuelewa. Wote wawili hutafuta msaada siku ileile, kwa sababu ileile.

Kuchagua kwa sababu

Zana yoyote ya picha inaweza kupimwa kwa maswali matatu. Je, inanionyesha mabadiliko yangu yote kabla sijayahifadhi, na kuniruhusu kuchagua mstari kwa mstari? Je, inaniambia ilichokifanya, ikiwezekana kwa amri halisi ya Git? Je, inatenganisha kwa uwazi tendo linalorudishika na lisilorudishika? Inayojibu ndiyo kwa yote matatu inastahili kuaminiwa, iwe ya bure au ya kulipia, iwe nzito au nyepesi. Inayoshindwa swali la kwanza haina faida yoyote juu ya terminali, kwa sababu imeacha kazi moja ambayo picha inaiweza zaidi.

Kwa mwalimu, mpangilio unaofaa ni kuanza na vyote viwili bega kwa bega. Mwanafunzi aandike `git commit` kwenye terminali huku gitk au dirisha jingine likiwa wazi pembeni, aone nukta mpya ikijitokeza. Afungue tawi, aone mstari ukigawanyika. Aunganishe, aone mistari ikikutana. Baada ya hapo kila neno la amri lina sura akilini, na kila kitufe kina maana. Kufundisha amri peke yake kunamwachia mwanafunzi maneno ya kukariri. Kufundisha vitufe peke yake kunamwachia zana ambayo siku moja itabadilika sura.

Kwa timu, kanuni ziwekwe kwenye hazina wala si kwenye madirisha. Ulinzi wa tawi kuu, ukaguzi wa msimbo kabla ya kuunganishwa, na uamuzi wa namna historia inavyounganishwa viwekwe kwenye seva, ambako vitamfunga kila mtu kwa usawa. Zikishawekwa, kila mmoja awe huru kutumia kinachomfaa, na asiwepo wa kumwona mwenzake mdogo kwa kutumia kipanya.

Na kwa anayefanya kazi peke yake, desturi moja inazidi uchaguzi wa zana: kusoma mabadiliko yako yote, mstari kwa mstari, kabla ya kila komiti, kama vile yameandikwa na mtu mwingine. Dirisha likikurahisishia kusoma huko, litumie bila haya. Ukikuta limeanza kukuzoesha kubofya bila kusoma, fungua terminali na uandike `git diff --staged` mpaka macho yarudi kazini.